Kinywa Kiswahili, Kalamu Kiingereza

Fasihi ya Wahindi waishio nje ya Uhindi ina ramani yake, na wasomaji wameshaizoea. Trinidad ina V. S. Naipaul. Mauritius ina Abhimanyu Unnuth aliyeandika kwa Kihindi na Ananda Devi anayeandika kwa Kifaransa. Uganda ina Peter Nazareth, mwenye asili ya Goa, na Kenya na Tanzania zinagawana M. G. Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, kisha akahamia Kanada. Karibu wote wanasomwa kwa swali moja: mtu huyu ni wa wapi? Ni Mhindi, ni Mwafrika, au ni raia wa nchi ya baridi anayeandika kuhusu jua alilolikimbia? Makala haya yanadai kwamba kwa upande wetu wa Afrika swali hilo limekuzwa mno na lugha ambayo limeulizwa kwayo. Wahindi wa pwani na wa bara waliishi mchana kutwa kwa Kiswahili, wakaandika kwa lugha nyingine, na ule mkanganyiko wa utambulisho unaojaza riwaya zao umetokana, kwa sehemu kubwa, na kutengana kwa kinywa na kalamu. Mahali pazuri pa kulipima dai hilo ni Gitega na Muyinga, miji ya Burundi ambayo ni nadra kutajwa katika mijadala hii. Huko wenye maduka wa Kihindi walikuwepo, Kiswahili kilikuwepo, ila vitabu vya kuwaeleza ni haba.

Hali hiyo ina historia. Wajerumani walijenga kituo chao cha kijeshi Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1897, na mwaka 1912 wakahamishia makao ya utawala wao Gitega, katikati ya nchi. Walitawala kwa Kiswahili, kama walivyofanya Tabora na Ujiji, kwa sababu askari, makarani na wapagazi wao walikuja nacho. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, bidhaa za pwani zikawa zinavuka Ziwa Tanganyika kwa urahisi zaidi, na wafanyabiashara wa Kihindi na wa Kiarabu wakazifuata hadi juu vilimani, sambamba na Wagiriki. Walinunua ngozi, baadaye kahawa. Waliuza nguo, chumvi, majembe na mafuta ya taa. Muyinga, iliyo kaskazini-mashariki karibu na Kobero, ilitazama Ngara na Tanganyika kama inavyotazama leo malori yanapopanga foleni mpakani. Wabelgiji walipoiteka nchi mwaka 1916, upepo ulibadilika. Elimu ilikabidhiwa mikononi mwa wamisionari, na wamisionari wa Kikatoliki walikiona Kiswahili kuwa njia ya Uislamu. Kirundi kikapewa kanisa na shule, Kifaransa kikapewa ofisi, na Kiswahili kikaachiwa soko, barabara na mitaa ya Waswahili. Kikawa lugha ya kusema tu. Watu wa mitaa hiyo waliwekwa nje ya mamlaka ya machifu, na Usumbura Waasia walipewa mtaa wao peke yao, ambao hadi leo unaitwa hivyo kwa Kifaransa. Kwa hiyo mwenye duka wa Gitega na mteja wake Mswahili walifanana kwa jambo moja: wote walizungumza siku nzima lugha ambayo serikali haikutaka kuiona karatasini.

Mwenye duka, hata hivyo, alikuwa na kalamu. Usiku alipofungua daftari aliandika Kigujarati. Desturi hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 1923 wafanyabiashara wa Kihindi wa Tanganyika walifunga maduka yao kwa wiki kadhaa kupinga sheria mpya za kodi na leseni, ambazo pamoja na mambo mengine ziliwataka waache kuweka hesabu kwa lugha hiyo. Serikali ilikuwa na hofu yake ya kudanganywa kodi, nao walikuwa na siri zao za biashara. Lakini mgogoro huo unatuonyesha jambo ambalo wahakiki wa fasihi hulipita haraka. Mtu aliyetaja bei, akakopesha, akatania na kugombana kwa Kiswahili toka alfajiri alikuwa tayari kupoteza mauzo ya siku nyingi ili asiandike hesabu zake kwa lugha nyingine. Kalamu ilikuwa ya jamaa: ya ndugu wa Kachi na Kathiawar, ya mkopeshaji wa Bombay, ya watu wa dini yake. Zanzibar ilipata gazeti la Kigujarati, Samachar, tangu mwaka 1902. Mwandishi Gunvantrai Acharya alipoitungia pwani hii riwaya yake Dariyalal mwaka 1938, aliitunga kwa Kigujarati kwa wasomaji wa Gujarat, na mabaharia wake ni mashujaa wa huko waliovuka bahari. Kiswahili hakikuingia kwenye karatasi hizo kwa sababu rahisi kabisa: msomaji aliyekusudiwa alikuwa mbali.

Kizazi kilichofuata kilibadilisha kalamu, na umbali ukabaki palepale. Shule za Waasia katika makoloni ya Mwingereza ziliegemea Kiingereza zaidi na zaidi. Aga Khan wa tatu aliwahimiza wafuasi wake wa Afrika Mashariki miaka ya 1950 wakumbatie Kiingereza, na Kigujarati kikaanza kurudi nyuma hata majumbani. Waliosoma hivyo ndio walioandika riwaya tunazozijua. Mkubwa wao ni Vassanji, na kazi zake zinastahili kusomwa polepole kwa sababu zenyewe zinaujua ukweli ninaoudai. Katika The Gunny Sack ya mwaka 1989, babu mkubwa Dhanji Govindji anatoka Gujarat, anafika pwani na kuzaa mtoto na mtumwa aitwaye Bibi Taratibu. Mtoto huyo, Huseni, anatoweka, na babu anatumia hadi fedha za jamaa yake kumtafuta. Ukoo mzima unaosimuliwa baada ya hapo unasimama juu ya pengo hilo. Katika The Magic of Saida ya mwaka 2012, Kamal, mtoto wa mama Mwafrika na baba Mhindi, anakulia Kilwa akiwa karibu na mzee mshairi wa tenzi, kisha anachukuliwa kupelekwa Dar es Salaam kwa jamaa za baba yake ili awe Mhindi. Anaishia daktari Kanada, na uzeeni anarudi Kilwa kumtafuta mjukuu wa yule mshairi.

Tazama nini kimewekwa wapi katika riwaya hizi. Kiswahili kinakuja na mama, na mama anafichwa. Wahamiaji wengi wa mwanzo walikuwa vijana wa kiume waliokuja peke yao. Waliishi na wanawake wa hapa, watoto wakazaliwa, na wake wa Kihindi walipofika baadaye watoto wale wakasukumwa kando. Wengi wao walikua katika mitaa ya Waswahili, na mitaa hiyo ikawapa dini, jirani na lugha bila kuwauliza maswali mengi. Vassanji anajua kwamba aibu ya jamaa ndiyo iliyokifanya Kiswahili kiwe lugha ya siri moyoni mwa watu waliokizungumza hadharani. Lakini anayasema hayo kwa Kiingereza, akimwandikia msomaji ambaye lazima aelezwe utenzi ni nini na Kilwa ipo wapi. Mshairi wake mzee anasikika kwetu kupitia lugha ambayo kwayo asingetunga hata ubeti mmoja. Simlaumu Vassanji kwa hilo, na ninadhani pengo lenyewe ndilo linaloipa riwaya huzuni yake. Ninachosema ni kwamba huzuni hiyo ni ya chombo kama ilivyo ya kisa. Ukikisimulia kisa kilekile kwa Kiswahili, maswali ya Kamal hayafutiki, ila hayahitaji mkalimani, na sehemu ya upweke wake inaondoka.

Naipaul yupo mbali zaidi. A Bend in the River, ya mwaka 1979, ina msimulizi aitwaye Salim, Mhindi Mwislamu wa pwani anayenunua duka katika mji wa bara kwenye kona ya mto mkubwa, mji ambao wasomaji wengi wanautambua kuwa Kisangani. Kwa jiografia hakuna riwaya mashuhuri iliyokaribia zaidi maisha ya mwenye duka wa Gitega: safari ya pwani hadi bara, nchi ya Kifaransa, mteja wa kijijini anayekuja na mzigo wake. Na hakuna iliyomnyima mteja huyo kauli kama ilivyomnyima hiyo. Msitu unanyamaza, mji unanyamaza, Salim peke yake ndiye anayefikiri. Kisangani yenyewe ni mji wa Kiswahili na Kilingala, tena wa watu wasiojua kunyamaza.

Sasa tugeukie wale walioandika kwa Kiswahili, maana wapo. Farouk Topan alizaliwa Zanzibar katika familia yenye asili ya Kihindi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikuwa miongoni mwa walioanzisha ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na akatunga tamthilia Mfalme Juha mwaka 1971 na Aliyeonja Pepo mwaka 1973. Shihabuddin Chiraghdin wa Mombasa, mwenye asili ya Kipunjabi upande wa baba, aliandika pamoja na Mathias Mnyampala Historia ya Kiswahili, iliyotoka mwaka 1977 baada ya yeye kufariki, na kabla ya hapo alikuwa mhariri wa Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir Juma Bhalo. Kwenye jukwaa la taarabu la Mombasa, mwimbaji Juma Bhalo, ambaye si yule mshairi Ahmad Nassir, aliimba mashairi ya Kiswahili kwa mahadhi ya filamu za Kihindi kwa miongo mingi, na hakuna harusi iliyosimamishwa ili ajadiliwe utambulisho wake. Watafute watu hawa katika vitabu vya uhakiki wa fasihi ya Wahindi wa ughaibuni. Utawapata kwa shida, kama utawapata. Mtu akiandika kwa Kiswahili anahesabiwa mwandishi wa Kiswahili, basi. Aliyeonja Pepo inahusu mtu aliyefishwa kwa makosa akaonja maisha ya peponi. Haihusu kuwa Mhindi, na mwanafunzi anaweza kuisoma mwaka mzima bila kufikiria kabila la mtunzi. Hapa ndipo hoja yangu inapokaa. Orodha ya fasihi ya ughaibuni inachuja kwa lugha kabla haijachuja kwa asili: inamchukua aliyeandika kwa Kiingereza au Kifaransa, ambaye lazima ajieleze kwa wageni, kisha inatangaza kwamba waandishi wa asili hiyo wana tabia ya kujieleza.

Atakayepinga ataanza na Kiswahili chenyewe cha dukani. Kilikuwa kibovu, atasema. Kilikuwa lugha ya amri kwa mtumishi na ya kumfokea mpagazi, na wachekeshaji wa redioni na wa jukwaani wamekula mshahara kwa kuigiza lafudhi ya Mhindi mwenye duka. Pingamizi hili lina uzito, na nisingependa kulipamba. Mizani ilichezewa, madeni yalikuzwa, na mama wa nyumbani aliyeongea Kikachi na watoto wake mara nyingi alikijua Kiswahili cha jikoni tu. Lakini lugha inayotumika kuonea ndiyo pia inayotumika kujibu, na mteja wa Muyinga aliyejua kusema “umenipunja” kwa lugha ambayo mwenye duka aliielewa barabara alikuwa na silaha ambayo mkulima mbele ya afisa Mbelgiji hakuwa nayo. Abdulrazak Gurnah aliliona hili katika riwaya yake ya mwaka 1994 iliyofuata msafara wa biashara kutoka pwani hadi ng'ambo ya ziwa. Humo yumo fundi Kalasinga ambaye anatangaza kwamba ataitafsiri Kurani kwa Kiswahili. Marafiki zake Waislamu wanamcheka: Kiarabu hajui, na Kiswahili chake nacho ni cha kuungaunga. Kicheko kile ni cha watu wanaogombania jambo kubwa, tena la imani, katika lugha moja ambayo kila mmoja ana haki ya kuivunja. Anayeigizwa lafudhi yake jukwaani ameshaingia ndani ya lugha. Mgeni kamili haigizwi, anatazamwa tu.

Pingamizi la pili ni la kazi: mwandishi huandika kwa lugha aliyosomeshwa, mahali penye mchapishaji. Ni kweli, na Burundi inalionyesha hilo kwa ukali zaidi kuliko Tanzania. Mtoto wa mwenye duka aliyesoma Gitega baada ya uhuru wa mwaka 1962 alisoma kwa Kifaransa, kwa hiyo hata kundi la waandishi wa Kiingereza hakulifikia. Burundi inayojulikana duniani kwa riwaya ni ile ya Gaël Faye, Petit pays ya mwaka 2016, ambayo ni Bujumbura ya mtoto wa baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, na imeandikwa Kifaransa. Sidai kwamba mwandishi alazimishwe. Ninadai kwamba kazi ikishaandikwa inaweza kurudishwa. Riwaya ile ya Gurnah ilitoka kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, iliyochapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Ilichukua miaka 28, na ilihitaji Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 kusukuma mlango. Lakini sasa yule Kalasinga anaongea Kiswahili kwelikweli, na ubovu wa Kiswahili chake unasikika kama ubovu, ambapo katika Kiingereza ulibidi usimuliwe.

Pingamizi zito zaidi linatoka Burundi kwenyewe. Karibu kila raia wa nchi hiyo anazungumza Kirundi. Kiswahili ni cha mjini, cha ziwani, cha soko, na kwa watu wengi wa vilimani kimebeba kwa muda mrefu harufu ya ujanja wa biashara na ya dini ya watu wengine. Je, si kichekesho kusema kwamba Mhindi wa Gitega alijipatia uenyeji kwa lugha ambayo yenyewe ilitiliwa shaka? Pengine alijifunza lugha ya wageni wenzake, akabaki mgeni maradufu. Nadhani wanaosema hivi wako sahihi kuhusu kilima na wamekosea kuhusu mji. Kirundi kilimfunga mtu na ardhi, ukoo na mfalme. Mhindi hakuwa na nafasi katika lolote kati ya hayo, na hakuna kiasi cha sarufi ambacho kingempa. Kiswahili kilimfunga na barabara: Kigoma, Ujiji, Usumbura, Gitega, Muyinga, Ngara, Uvira, Bukavu. Uenyeji wa barabara ni uenyeji pia. Waislamu wa mitaa ya Gitega na Muyinga, ambao babu zao walitoka Manyema, Ujiji au vilima vya jirani, wameishi kwa uenyeji huo zaidi ya karne, na leo hakuna anayeweza kusema kwa akili timamu kwamba si Warundi. Wengi wao wanazungumza Kirundi nyumbani na Kiswahili dukani, au kinyume chake, bila kuandika riwaya za kujitafuta. Iwapo wao wameweza kuwa na lugha mbili na nchi moja, ugumu wa Mhindi haukuwa katika lugha. Ulikuwa katika ndoa, ambazo jamaa yake ilizifungia mlango, na katika karatasi za koloni zilizomtenga na jirani yake kwa rangi. Hapo ndipo dai langu linapofikia mpaka wake: Kiswahili kilimpa mtu huyu mahali pa kusimama, hakikumpa shemeji.

Mambo yameanza kusogea kwa sababu zisizohusiana na fasihi. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kiswahili kikapata nafasi madarasani. Sheria ya lugha ya mwaka 2014 ilizitaja Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi, Kiswahili kikabaki nje ya orodha lakini ndani ya ratiba ya shule. Hali ya ajabu, ingawa Burundi inazifahamu hali za ajabu. Gitega imekuwa makao makuu ya kisiasa tangu 2019. Mwalimu wa Kiswahili wa Muyinga anahitaji vitabu vya kusoma na wanafunzi wake, na sioni sababu ya kuishia na riwaya za vijiji vya Tanzania alizozoea kuletewa. Aliyeonja Pepo na Peponi zikisomwa pamoja darasani zitaonyesha Afrika Mashariki ambayo Mhindi ni mmoja wa wasemaji wake, mara mtunzi, mara mhusika wa kuchekwa. Riwaya za Vassanji zinangoja mfasiri mwenye sikio la pwani. The Magic of Saida hasa, ili yule mzee wa Kilwa apewe bahari ya utenzi badala ya maelezo yake.

Kuna kazi nyingine isiyohitaji mchapishaji kwa kuanzia. Wazee wa mitaa ya Waswahili katika miji hii miwili wanayakumbuka maduka, na redio za Burundi zina vipindi vya Kiswahili na vinasa sauti. Wakihojiwa kwa Kiswahili watasema mambo ambayo hayatawafurahisha wajukuu wa wenye maduka walioko Ulaya na Kanada: mizani iliyochezewa, binti aliyekatazwa kuolewa na jirani, na pia deni lililosamehewa mwaka wa njaa. Riwaya za Kiingereza zimeyagusa karibu yote hayo, ila zimeyasimulia kutoka upande mmoja wa kaunta.